Mkulima wa Garissa naye ni mtafiti, asiachwe nje

UKISIMAMA kwenye daraja la Mto Tana mjini Garissa na kutazama kingo zake, utaona ukanda wa kijani kibichi wa migomba, miembe na mipapai ukifuata maji. Hatua chache kutoka hapo kijani hicho hukatika ghafla, na nyika ya vichaka vya miiba huanza.

Ukanda huo mwembamba ndio huwapatia wakazi wa Waberi, Iftin, Galbet na wadi nyinginezo za mji huo ndizi, vitunguu, nyanya na matikiti maji. Mvua ya Garissa kwa mwaka mzima haifiki milimita 400 kwa kawaida, kwa hivyo asiye na njia ya kuyavuta maji ya mto hana shamba.

Jambo ambalo mgeni hulisahau ni kwamba wengi wa wanaolima hapo hawakulelewa katika kilimo. Kando ya Wakorokoro, yaani Wamunyoyaya, ambao wamelima na kuvua katika mto huo kwa vizazi vingi, wamo wafugaji wa Kisomali walioshika jembe baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe na mbuzi.

Watu hao walijifunza kilimo kwa kujaribu. Walipanda mbegu hii ikakauka, wakapanda ile ikastawi. Walibadili nyakati za kumwagilia, wakahamisha mifereji, wakachanganya mazao, na kila msimu wakakumbuka kilichofaulu na kilichowatia hasara.

Hilo kwa jina lake halisi ni utafiti. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi halikuitwa hivyo, na waliolifanya hawakuitwa watafiti.

NJIA YA ZAMANI NA HASARA ZAKE

Kwa muda mrefu, maendeleo ya kilimo barani Afrika yalifuata mkondo mmoja. Mwanasayansi alibuni mbinu kituoni mwake, afisa wa nyanjani akaibeba hadi kijijini, na mkulima akatakiwa kuipokea na kuitii. Alipoikataa, alisemwa kuwa ni mkaidi au mjinga.

Njia hiyo ilifaulu katika baadhi ya maeneo yenye mvua ya kutosha, barabara nzuri na mikopo. Katika maeneo kame ilileta hasara ambazo wakazi wa bonde la Tana wanazifahamu vyema.

Mfano wa kwanza hauko mbali na Garissa. Mpango wa unyunyizaji wa Bura, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na wahisani wengine, ulinuiwa kulima takriban hekta 6,700. Zilizotayarishwa hatimaye ni kama hekta 2,500 tu.

Familia zilihamishiwa hapo kutoka sehemu mbalimbali za nchi na kupewa mashamba ambayo zao lake kuu, pamba, lilikuwa limekwisha kuamuliwa na wengine. Gharama zilipanda, pampu zikaharibika mara kwa mara, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo hapo kilikuwa kimezorota. Walowezi hawakuwa wameulizwa wangefanya nini siku pampu itakapokosa kunguruma.

Mfano wa pili ni mti ambao Wakenya huuita mathenge, unaojulikana kwa jina la kisayansi Prosopis juliflora. Mti huu wa asili ya bara la Amerika ulipandwa Baringo na kwingineko katika maeneo kame mapema katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni.

Nia ilikuwa njema, ila mti ulipuuza mipaka uliyowekewa. Ulienea malishoni na kando ya mito, ukiwemo Mto Tana, ukaziba njia za mifugo na kuyafunika mashamba. Mwaka 2006, wakazi wa Baringo walifika mahakamani na kumwonyesha hakimu mbuzi kibogoyo, wakieleza kuwa maganda matamu ya mti huo ndiyo yaliyomng'oa meno. Mnamo 2008, serikali iliutangaza mathenge kuwa mmea hatari.

Lau wafugaji wangepewa nafasi ya kuujaribu mti huo katika eneo dogo na kusema waliyoyaona kabla haujapandwa kote, pengine kesi hiyo isingekuwapo.

UTAFITI SHIRIKISHI NI NINI?

Mnamo 1987, wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, kujadili ni kwa nini teknolojia nyingi zilikuwa zikikataliwa na wakulima maskini. Kutokana na mkutano huo, Robert Chambers na wenzake walichapisha kitabu mwaka 1989 kilichotetea rai kwamba mkulima atangulie, na mtaalamu amfuate.

Mwaka huo huo, mtafiti Stephen Biggs alieleza viwango vinne vya ushiriki wa mkulima. Maelezo yake yangali kipimo kizuri cha kubaini ushirikishaji wa kweli na ule wa jina tu.

Kiwango cha kwanza ni cha mkataba, ambapo mtafiti hukodi ardhi au nguvu za mkulima na shughuli ikaishia hapo. Cha pili ni cha ushauri. Hapa mtafiti humuuliza mkulima shida zake, kisha huenda akazitatua peke yake.

Cha tatu ni cha ushirikiano, ambapo wawili hao hupanga na kufanya majaribio pamoja. Cha nne ni cha usawa. Katika kiwango hiki mkulima ndiye anayeongoza utafiti wake, na kazi ya mwanasayansi ni kumwongezea uwezo.

Miradi mingi inayojiita shirikishi huishia kwenye kiwango cha pili. Wanakijiji huitwa chini ya mti, hujaza fomu, hupewa soda, na gari likaondoka. Wasipate kusikia tena kuhusu majibu waliyoyatoa.

Utafiti unaoongozwa na mkulima huanzia penginepo. Badala ya kuuliza tatizo ni nini, mgeni huuliza, "Ni jambo gani jipya ambalo mmekuwa mkilijaribu wenyewe?" Swali hilo humgeuza mkulima kutoka mwombaji na kumfanya mwenye kitu cha kuonyesha.

JINSI UNAVYOFANYWA

Mtandao wa kimataifa wa Prolinnova, ambao wazo lake lilizaliwa mwaka 1999 katika mkutano uliofanyika Rambouillet, Ufaransa, ni miongoni mwa waliofanya juhudi kubwa kuueneza utaratibu huu. Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia zote zimewahi kushiriki katika kazi zake.

Utaratibu wenyewe una hatua zinazoeleweka. Kwanza, wakulima na maafisa hutambua ubunifu uliomo kijijini. Pili, kikundi huchagua ule unaowafaa wengi na kujiuliza ni jambo gani ambalo bado halijulikani kuuhusu. Tatu, hupanga jaribio pamoja na mwanasayansi. Nne, hulitekeleza na kuweka kumbukumbu. Tano, huketi pamoja kupima matokeo, kisha huwaalika majirani waje kujionea.

Fedha nazo zina utaratibu wake. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mtandao huo ulijaribu hazina ndogo za kusaidia ubunifu wa wenyeji, ambapo kamati yenye wakulima wenyewe hupokea maombi, huyachambua na kuamua nani apewe.

Kiasi kinachotolewa ni kidogo, cha kununulia mbegu, vyombo vya kupimia au nauli ya kwenda kumwona mkulima mwenzao. Hata hivyo, kwa kuwa anayeidhinisha ni jirani anayemfahamu mwombaji, ni vigumu kumdanganya.

Mwezi Mei mwaka 2013, wakulima wabunifu kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia walikutana jijini Nairobi katika maonyesho ya ubunifu wa wakulima wa Afrika Mashariki. Walikuja wakiwa wenye kazi zao, wakizieleza kwa vinywa vyao wenyewe.

MATANDAZO AU CHAKULA CHA MBUZI?

Ili msomaji aelewe tofauti kati ya njia hizi mbili, tuchukue mfano wa jambo linaloweza kujaribiwa katika mashamba ya kando ya Tana.

Mtaalamu yeyote atamshauri mkulima wa vitunguu afunike udongo kwa matandazo ya nyasi kavu. Ushauri huo ni sahihi kisayansi. Matandazo hupunguza joto la udongo, huzuia maji yasikauke haraka, na hivyo mwenye pampu ya dizeli huokoa mafuta.

Walakini, katika Garissa nyasi kavu ni chakula cha mifugo. Wakati wa jilaal, kile kiangazi kikali cha kuanzia Januari hadi Machi, hakuna mwenye mbuzi atakayetandaza nyasi ardhini ilhali wanyama wake wanalia njaa. Isitoshe, mchwa huyamaliza matandazo hayo kabla ya vitunguu kukomaa.

Mtaalamu aliyezoea njia ya zamani ataandika kwamba wakulima wameikataa mbinu. Yule anayeshirikiana nao atauliza, "Je, kuna kitu cha kutandaza ambacho mbuzi hakihitaji?"

Hapo ndipo mkulima mmoja anaweza kutaja mathenge, ambao umejaa tele na unapaswa kukatwa hata hivyo. Wazo ni zuri, lakini sasa mwanasayansi naye ana la kuchangia. Uchunguzi umeonyesha kuwa majani ya mathenge yana kemikali zinazoweza kuzuia mbegu za mimea mingine kuota.

Je, kemikali hizo zitadhuru miche ya vitunguu iliyokwisha kushika mizizi, au ni mbegu tu zinazodhurika? Je, vipande vya matawi bila majani vitafaa zaidi? Mkulima peke yake hawezi kujibu maswali hayo kwa hakika, wala mtaalamu peke yake asingefikiria kuyauliza.

Jaribio lake si la gharama kubwa. Wakulima wanne hutenga kila mmoja vijishamba vitatu vya mita tano kwa mita tano, vyenye udongo unaofanana. Cha kwanza hakitandazwi kitu, cha pili hutandazwa matawi yaliyokatwakatwa, na cha tatu hutandazwa matawi pamoja na majani. Mbegu ni moja, siku ya kupanda ni moja, na mbolea ni kiasi kile kile.

Kile kijishamba kisichotandazwa ndicho cha kulinganishia. Bila hicho, mavuno mazuri yanaweza kusifiwa kuwa yametokana na matandazo ilhali yameletwa na mvua. Kurudia jaribio katika mashamba manne nako husaidia, maana pakiwa na shamba moja tu, bahati au rutuba ya pale inaweza kumpotosha kila mtu.

Kila anapomwagilia, mkulima huandika dakika ambazo pampu imenguruma. Asiyejua kuandika hutia kijiwe katika mkebe kwa kila dakika tano. Mwisho wa msimu, vijiwe huhesabiwa na mavuno hupimwa.

Jambo la muhimu ni kwamba vigezo vya kufaulu huwekwa na wakulima. Mtafiti huenda akatazama kilo pekee. Mkulima hutazama pia pesa za dizeli, saa alizotumia kukata miiba, muda ambao vitunguu vinakaa ghalani bila kuoza, na kama jirani maskini zaidi yake ataweza kuiga. Mbinu inayoongeza mavuno kidogo lakini ikapunguza dizeli kwa kiasi kikubwa inaweza kuwa ndiyo anayoihitaji.

WALIOFAULU KWINGINEKO

Afrika ina mifano kadhaa ya kutia moyo. Nchini Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, aliboresha mashimo ya jadi yaitwayo zai kwa kuyachimba mapana na marefu zaidi na kuyatia samadi kabla ya mvua. Ardhi iliyokuwa imekufa ikarejea kuwa shamba na msitu, naye akapokea tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018.

Nchini Tanzania, katika kijiji cha Chololo mkoani Dodoma, mkulima alibuni mashimo madogo ya kukusanyia maji ya mvua ambayo leo yanajulikana kwa jina la kijiji hicho.

Hapa Kenya, mbinu ya sukuma-vuta ya kupambana na viwavi watoboao mahindi pamoja na kwekwe ya striga ilibuniwa na wanasayansi wa kituo cha ICIPE na washirika wao. Mimea ya desmodium hupandwa kati ya mahindi kuwafukuza nondo, na nyasi hupandwa pembeni kuwavuta.

Lakini wakulima wa magharibi mwa Kenya walisema kwamba familia haili desmodium. Walitaka maharagwe yao yarudi shambani. Watafiti walijaribu pamoja nao namna ya kuyachanganya, na ikabainika kuwa inawezekana. Sayansi ilitangulia, ila mkulima ndiye aliyeifanya ikalike.

Mbinu ya shamba darasa nayo ilianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga na kufika Kenya katikati ya miaka ya 1990. Baadaye ilibadilishwa ikawafaa wafugaji wa kaskazini, ambao darasa lao ni kundi la mifugo na malisho badala ya shamba.

UJUZI WA AKINA MAMA

Hilo linatukumbusha kuwa ubunifu wa Garissa hauko kando ya mto pekee. Tangu jadi, akina mama wa Kisomali hufukiza vyombo vya maziwa ya ngamia kwa moshi wa miti maalumu. Watafiti waliochunguza ufukizaji huo wamegundua kwamba hupunguza vijidudu na kuyafanya maziwa yakae muda mrefu zaidi.

Leo maziwa hayo husafirishwa masafa marefu hadi Eastleigh jijini Nairobi, mara nyingi katika mitungi ya plastiki ambayo ni vigumu kuifukiza na kuisafisha vizuri. Ni chombo gani kitakachokubali moshi, kiwe chepesi, na kisiwe cha bei ghali? Swali hilo lingefaa kujibiwa na wauza maziwa wenyewe wakishirikiana na wataalamu, wala si kwa agizo la kupiga marufuku mitungi.

TAHADHARI

Hata hivyo, si kila jambo linalofanywa na mkulima ni jema kwa sababu tu limetoka kwake. Dawa ya mitishamba ya kuua wadudu inaweza kuwa na sumu kwa anayeinyunyiza. Mbinu inayomfaidi mwenye shamba la juu inaweza kumnyima maji yule wa chini. Ndiyo maana majaribio ya haki yanahitajika, na ndiyo maana mwanasayansi bado ana kazi.

Wadudu wapya nao huja kwa kasi kuliko ujuzi wa jadi. Nzi wa matunda wa aina ngeni aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na nondo wa nyanya aitwaye Tuta absoluta akafuata mwaka 2014. Hakuna babu aliyewaachia wajukuu mbinu ya kupambana nao. Hapa utaalamu wa maabara ni wa lazima, ingawa utapata faida tu ukiwakuta wakulima waliozoea kuchunguza na kupeana habari.

Aidha, kuna hatari ya ushirikishaji kutekwa na wachache. Kikao kikiitwa kwa lugha ya Kiingereza, au saa ambayo wanawake wanateka maji na kupika, watakaosikika ni wale wale wa kila siku. Mkutano wa Garissa unapasa kufanywa kwa Kisomali na Kiswahili, na kwa wakati unaomfaa mama wa shamba.

Suala jingine ni haki ya mwenye wazo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inaitaka serikali kutambua mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi nayo inazipa jamii msingi wa kudai heshima na manufaa. Mtafiti achapishapo matokeo, jina la kikundi kilichobuni halipaswi kusahauliwa.

NANI AWAJIBIKE?

Kwa kuwa Katiba ilikabidhi kilimo kwa serikali za kaunti, jukumu la kwanza ni la kaunti yenyewe. Bajeti yake inaweza kutenga fungu dogo la majaribio ya wakulima, lisimamiwe na kamati yenye wakulima na wafugaji, wake kwa waume.

Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, iliyochukua nafasi ya KARI kufuatia sheria ya mwaka 2013, ina wataalamu wa maeneo kame. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hadhi kamili mwaka 2017, kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Mada hizo ziko kilomita chache tu kutoka madarasani mwao.

Haja ni kubwa na wakati haungoji. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kunyesha inavyotakikana, na mifugo wengi wakaangamia. Kisha mnamo Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ukavunja kingo zake na kuyafunika mashamba yale yale yaliyokuwa kimbilio la waliopoteza mifugo.

Mkulima aliyerejea kwenye matope hayo alikabiliwa na maswali mazito. Pampu iwekwe umbali gani kutoka mtoni? Apande nini kinachokomaa upesi kabla ya mvua za deyr? Migomba ikae sehemu gani ya shamba? Kila mmoja aliyajibu kwa njia yake, na baadhi ya majibu yalikuwa bora kuliko mengine.

Majibu hayo yasipokusanywa, kulinganishwa na kuenezwa, kila familia italazimika kujifunza upya kwa hasara yake yenyewe mafuriko mengine yatakapokuja. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaolala kwenye kitanda cha Mto Tana wanawajua kunguni wake mmoja mmoja, na mtaalamu atakaye kuwatoa hana budi kuanza kwa kuwauliza.